Thaba Bosiu: Mlima wa usiku uliolilea taifa

NENO bosiu la Kisotho halihitaji mkalimani kwa Mswahili. Ondoa kiambishi bo-, weka u- mahali pake, kisha urudishe sauti k ambayo Wasotho waliiangusha njiani. Utapata usiku. Watswana, ambao ni ndugu wa karibu wa Wasotho, husema bosigo. Kwao ile k haikupotea bali ililegea ikawa sauti ya kooni. Nyaraka nyingi za Waingereza za karne ya 19 nazo ziliandika Bosigo. Neno thaba lina maana ya mlima. Thaba Bosiu, basi, ni Mlima wa Usiku.

Naanza na jina kwa sababu ukianza na mlima wenyewe utashangaa hizi kelele zote ni za nini. Mtu aliyezoea kuuona Mlima Kenya alfajiri au aliyelelewa chini ya Elgon atautazama na kuuliza, kwani ndio huu? Upo kilomita 24 hivi mashariki mwa Maseru, mji mkuu wa Lesotho. Kilele chake kiko mita 1,804 juu ya usawa wa bahari, lakini nchi yote hiyo imeinuka, kwa hivyo kutoka bondeni hadi juu ni kama mita mia moja na ushei tu. Juu ni bapa kama meza iliyopanguswa. Pembeni kote kuna ukuta wa jabali la mchanga uliojiinamisha kama kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Sisi tungeuita kilima na kupita.

Lakini Wasotho husema mlima huu hukua usiku. Mchana ni huo unaouona, mfupi na mpole. Jua likizama, huanza kurefuka, na adui anayejaribu kuupanda gizani hupanda, hupanda, na kilele kinazidi kumkimbia. Hadithi hiyo husimuliwa watoto, huelezwa wageni, na imeingia katika kila kijitabu cha utalii.

Sasa mwanahistoria afanye nini na maneno kama hayo? Wapo watakaocheka na kusema ati mawe hayakui. Wapo watakaonyamaza kwa heshima na kuendelea kunakili tarehe. Njia zote mbili hazinitoshi. Nilipoukwea mlima huo, nilikuwa na nia ya kujua hadithi hiyo ilifanya kazi gani kwa watu walioibuni, na ni kitu gani ilichokifunika.

KIJANA ALIYENYOA NDEVU

Mtu aliyeufanya mlima huu uwe na jina alizaliwa mwaka wa 1786 hivi katika kijiji cha Menkhoaneng, kaskazini mwa nchi tunayoiita Lesotho leo. Baba yake, Mokhachane, alikuwa chifu mdogo wa ukoo wa Bamokoteli, tawi la Bakoena. Neno koena, linalotamkwa kwena, ni mamba. Mswahili wa zamani asingetatizika hapa pia, maana mamba kwake aliitwa ngwena.

Kijana huyo alipewa jina la Lepoqo. Jina la Moshoeshoe, linalotamkwa Moshweshwe, alijipa mwenyewe baada ya kuwavamia watu wa chifu Ramonaheng na kutoroka na ng'ombe wao. Katika utungo wa kujisifu alidai kwamba amemnyoa Ramonaheng ndevu, na shwe-shwe ni mlio wa wembe ukipita kidevuni. Hii ni tanakali ya sauti iliyogeuka jina la mfalme. Sisi tunaposema fulani amenyolewa bila maji, tunakaribia sana kuelewa utani huo wa Moshoeshoe, na jinsi ulivyomchoma Ramonaheng.

Angeweza kubaki hivyo, mwizi hodari wa ng'ombe mwenye ulimi wa kishairi. Wasotho husimulia kwamba kilichombadilisha ni mashauri ya mzee Mohlomi, chifu na mganga aliyesafiri sana na kuheshimiwa kwa hekima yake. Mohlomi alimfunza kwamba anayetaka kutawala watu hana budi kuwapenda, na kwamba amani hujenga mji kuliko mkuki. Maneno mazuri, naam, lakini kila kijana huambiwa maneno mazuri. Majaribu ndiyo yaliyokuja kuonyesha kama yalisikika.

Majaribu hayo yalikuja katika miaka ya 1820, kipindi ambacho Wasotho hukiita Lifaqane. Vita vilizuka kusini mwa Afrika, koo zikafurushana, mashamba yakaachwa, ghala zikawa tupu. Moshoeshoe wakati huo alikuwa na ngome yake katika mlima wa Butha-Buthe. Mwaka wa 1824, Batlokoa, ambao waliongozwa na mama shujaa aliyeitwa 'Manthatisi na mwanawe Sekonyela, walimzingira huko. Alinusurika, ila kwa tabu. Alitambua kwamba mlima ule haungemwokoa mara ya pili. Akatuma watu waende kusini kutafuta mwingine.

Safari yenyewe ilifanywa katikati ya mwaka, ambao huko ni wakati wa kipupwe. Walitembea na wazee, watoto na mifugo, baridi ikiwakata mifupa, na njiani kulikuwa na makundi ya watu waliokuwa wamesukumwa na njaa hata wakala binadamu. Baadhi ya waliochelewa nyuma walikamatwa na kundi la Rakotsoane. Miongoni mwao alikuwamo Peete, babu yake Moshoeshoe. Aliliwa.

Mabaki ya msafara yalifika chini ya mlima mpya jua likiwa limekwisha kutua. Walipanda gizani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na ya kawaida kabisa ya jina Thaba Bosiu. Hiyo ya mlima kukua ilikuja baadaye.

NJIA NYEKUNDU

Nilipanda kwa njia ya Khubelu, njia kuu, ambayo jina lake lina maana ya wekundu. Kijana aliyeniongoza alikuwa amejifunika blanketi zito la Kisotho licha ya jua, na alinipa jina la ntate kuanzia salamu ya kwanza. Ntate ni baba, na kila mwanamume mtu mzima huitwa hivyo, kama sisi tunavyoita watu mzee bila kuulizana umri. Wasomaji wangu wa kutoka Kisii watakumbuka tata wao hapo.

Ukiwa katika njia ile unaelewa mambo ambayo kitabu hakikuelezi. Ukuta wa jabali unauzunguka mlima mzima, na mahali pa kupenyea ni pachache: Khubelu, Ramaseli, Maebeng, Mokhachane, Rafutho. Kila mlango una jina lake, na kila jina lina watu wake. Njia inapokaribia juu inakuwa nyembamba, huku mawe yakikuinamia pande zote. Watu ishirini wenye moyo na lundo la mawe wangeweza kuzuia mamia hapo. Mwongozaji alinionyesha jinsi mawe yalivyobingirishwa. Hakuhitaji kueleza zaidi. Nilikuwa nimesimama pale pale ambapo yangeniangukia.

Juu upepo haukomi. Uwanda una ukubwa wa takriban kilomita mbili za mraba, nyasi tupu, na chemchemi zinazotoa maji. Hilo la maji ndilo siri kubwa kuliko zote. Ngome isiyo na maji ni kaburi linalongoja, lakini hapa watu na ng'ombe wangeweza kukaa, kunywa na kulisha, na kumtazama adui akijichosha bondeni. Upande mmoja unaona kilima cha Qiloane, nguzo ya jiwe iliyochongoka, ambayo wengi husema ndiyo iliyozaa umbo la mokorotlo, ile kofia ya majani ya Kisotho. Kofia hiyo ndiyo iliyomo katikati ya bendera ya Lesotho tangu mwaka wa 2006.

Magofu ya nyumba za mawe za mfalme yapo bado. Makaburi yapo pia. Kaburi la Moshoeshoe ni la mawe, halina makuu, na ukipita haraka unaweza kulidhania rundo la kawaida. Wazawa wake wengi wamezikwa karibu naye, akiwemo Mfalme Moshoeshoe wa Pili, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwezi Januari 1996. Mwongozaji alivua kofia yake. Nikavua yangu.

"Ntate, usibebe mchanga wa hapa," aliniambia tulipokuwa tukiondoka makaburini. "Hata ukiuchukua, asubuhi hutaukuta. Utakuwa umerudi."

"Umewahi kujaribu?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kumtukana mama yake. "Nijaribu ya nini? Mimi si natoka hapa?"

Jibu hilo nimelitafakari sana. Kwa kijana huyo, kuuliza kama mchanga hurudi kweli kulikuwa ni kuuliza swali la mgeni. Mchanga wa mahali walipolala mababu ni wa mababu. Kinachochukuliwa kwao bila idhini hurudi, au kinapaswa kurudi. Imani hiyo tutaihitaji mbele kidogo.

MOLIMO NA MIZIMU

Hapa nisimame kidogo na lugha. Kwa Kisotho, waliokufa ambao wangali na sauti katika ukoo huitwa balimo. Katika tahajia ya Lesotho li husomwa di, kwa hivyo tamko ni badimo. Umoja wake wa kisarufi ungekuwa molimo, lakini Molimo ndilo neno la Mungu. Shina hilo la Kibantu ndilo lililotupa sisi mzimu, na likawapa Wakamba aimu.

Tazama basi jinsi shina moja lilivyosafiri njia mbili. Kwetu, dini za kigeni zilipokuja, mzimu uliteremshwa ukawa kitu cha kutisha watoto na cha kukemewa na wahubiri. Kwa Wasotho, watu wa misheni walilichukua lilelile shina na kulipandisha mbinguni. Ndiyo maana Msotho Mkristo anaweza kumwomba Molimo kanisani Jumapili, kisha akazungumza na balimo nyumbani, bila lugha yake kumwambia kwamba amehama ulimwengu.

Watu hao wa misheni hawakuja kwa bahati. Moshoeshoe aliwaagiza. Alisikia kutoka kwa mwindaji Mgriqua aliyeitwa Adam Krotz kwamba kuna walimu wanaoishi na watu na kuwaletea amani, akatuma ng'ombe ili naye aletewe mwalimu. Mwaka wa 1833 wakafika Wafaransa watatu wa misheni ya Kiprotestanti ya Paris: Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin. Aliwaweka Morija kwanza, halafu Casalis akaja kukaa chini ya Thaba Bosiu, ambako kwa miaka mingi alimsaidia mfalme kuandikiana na serikali za wazungu. Casalis alichapisha utafiti wake kuhusu lugha hiyo mwaka wa 1841, miaka mitatu kabla ya Krapf kutia mguu Mombasa. Kutoka Morija likatoka gazeti la Leselinyana la Lesotho mwaka wa 1863, na baadaye vitabu vya Thomas Mofolo, mwandishi wa Chaka. Sisi tunaoandika katika magazeti ya Kiafrika tuna mababu pale.

Mfalme mwenyewe alisikiliza mahubiri, akajadiliana na wahubiri, akabadilisha baadhi ya mila, akazishikilia nyingine. Alikufa kabla ya kubatizwa. Nadhani alielewa kwamba mtu anayetawala watu wa kila namna hawezi kufunga mlango mmoja upesi.

Na kweli walikuwa wa kila namna. Waliopanda mlima ule hawakuwa kabila moja. Walikuwamo mabaki ya koo zilizosagwa na Lifaqane, Bataung wa Moletsane waliokuja kuishi chini ya ulinzi wake, Baphuthi wa Moorosi, pamoja na watu wa asili ya Kinguni kutoka ng'ambo ya milima. Moshoeshoe aliwapa ng'ombe kwa utaratibu unaoitwa mafisa: unakaa na ng'ombe wangu, unakunywa maziwa yake, unalimia, lakini mwenyewe ni mimi. Hivyo maskini hakufa njaa, na mfalme akapata mtu ambaye hangekimbia. Mambo makubwa yalijadiliwa katika pitso, mkutano wa wote, neno linalotokana na bitsa, yaani kuita. Ni mwito. Huko ndiko ilikosemwa methali ambayo sikio la Kiswahili karibu liifasiri lenyewe: morena ke morena ka batho. Mfalme ni mfalme kwa watu.

Na wale waliomla babu yake? Walipoletwa mbele yake, watu walitaka damu. Moshoeshoe alijibu kwamba matumbo ya watu hao ndiyo kaburi la Peete, na kaburi la mzee halichafuliwi. Akaagiza wafanyiwe tambiko la kutakasa makaburi, ng'ombe wakachinjwa, matumbo ya walaji yakapakwa uyeyushi wa tumbo la mnyama kama inavyofanywa makaburini. Kisha wakapewa mahali pa kukaa. Ukitaka kujua kama maneno ya Mohlomi yalisikika, jibu ni hilo.

USIKU KAMA SILAHA

Turudi kwenye mlima unaokua. Nimesema hadithi hiyo ina kazi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kijeshi. Vita vya kuvamia ngome hutegemea giza. Ukimfanya adui aamini kwamba giza ni rafiki wa mlima, umemnyang'anya nusu ya saa zake. Hatalala karibu, hatapanda kabla ya mapambazuko, na akipanda mchana utamwona akiwa bado bondeni. Hadithi ililinda milango ile wakati walinzi walipokuwa wamesinzia.

Lakini Moshoeshoe aliutumia usiku kwa njia nyingine pia. Mwaka wa 1831, Wandebele wa Mzilikazi waliushambulia mlima na kurudishwa nyuma kwa mawe na mikuki. Walipokuwa wakiondoka, aliwatumia ng'ombe wanono, na ujumbe kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta, basi wale wakiwa njiani. Hawakurudi tena.

Tarehe 20 Desemba 1852 ilikuwa zamu ya Waingereza. Jenerali George Cathcart alikuwa amemtoza faini ya ng'ombe 10,000 na farasi 1,000, alipe kwa siku tatu. Moshoeshoe alipeleka ng'ombe 3,500. Cathcart akavuka mto na jeshi lake. Katika uwanda wa Berea, wapanda farasi wa Kisotho waliwapiga vibaya, na jioni ile jenerali alijua kwamba kazi aliyoidhania ya asubuhi moja ingemgharimu zaidi ya alivyoahidi wakubwa wake.

Kiongozi mwingine angesherehekea. Moshoeshoe aliketi usiku huohuo akaamuru barua iandikwe kwa Kiingereza. Imeandikwa Thaba Bosigo, saa sita za usiku. Ndani yake, mshindi anazungumza kama aliyeshindwa: anakiri kwamba jenerali ameonyesha nguvu zake, anasema ng'ombe waliokamatwa watosheleze adhabu, anaomba amani, na kuahidi kuwazuia watu wake. Cathcart aliipokea kwa mikono miwili. Alipata la kuandikia London, akaondoka.

Nikiulizwa Mlima wa Usiku ulirefuka lini hasa, nitataja saa hiyo. Wanajeshi walilala wakijiona wameshindwa, wakaamka wakiwa wameombwa msamaha na aliyewashinda. Huko ndiko kumkimbiza mtu kilele gizani.

NCHI ILIYOPUNGUA MCHANA

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hadithi imekifunika.

Makaburu wa jamhuri ya Orange Free State walipigana na Wasotho mwaka wa 1858, tena 1865. Tarehe 15 Agosti 1865, kamanda Louw Wepener aliongoza watu wake kuipanda njia ya Khubelu. Walifika juu sana, karibu na mlango wenyewe. Wepener akapigwa risasi akafa, wenzake wakarudi nyuma. Mlima haukutekwa siku hiyo, wala haukuwahi kutekwa kwa nguvu siku nyingine yoyote.

Hapo ndipo masimulizi mengi ya watalii huishia, kwa makofi. Lakini vita havikuishia hapo. Ng'ombe waliosongamana kileleni walikufa kwa wingi kwa kukosa malisho. Makaburu, kwa kuwa mlima uliwashinda, waliugeukia mtama na mahindi. Walichoma mashamba ya bondeni, wakapora mifugo, wakaacha njaa imalize kazi. Watu hawali jabali. Aprili 1866, Moshoeshoe alitia alama kwenye mkataba ulioitwa kwa jina la mlima wake, mkataba wa Thaba Bosiu, uliotwaa sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba. Vita vilizuka tena mwaka uliofuata. Mzee huyo, sasa akiwa na zaidi ya miaka 80, alikuwa ameomba hifadhi ya Malkia Victoria kwa miaka mingi. Tarehe 12 Machi 1868 nchi yake ilitangazwa kuwa chini ya Uingereza. Mwaka wa 1869, Waingereza na Makaburu walikutana Aliwal North na kuchora mpaka. Nchi tambarare iliyo magharibi mwa mto Caledon, ambao Wasotho huuita Mohokare, ilibaki mikononi mwa Free State hadi leo. Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa kileleni.

Mlima ulikua usiku, nchi ikapungua mchana. Kilichotwaliwa kilitwaliwa kwa kalamu, mezani, na watu ambao hawakuhitaji kupanda popote. Tangu hapo vizazi vya wanaume wa Kisotho wamevuka mto huohuo kwenda kuchimba dhahabu ya wengine, kwa sababu mashamba ya babu zao yalikuwa upande wa pili wa mstari.

Usisahau, hata hivyo, kwamba bila kilele hicho hata kipande kilichobaki kisingekuwapo. Oktoba 4, 1966, Lesotho ilipata uhuru ikiwa nchi yenye jina lake, mfalme wake na lugha yake, huku imezungukwa kila upande na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hadithi ya ushindi na hadithi ya hasara zote ni za kweli. Anayesimulia moja tu anawadhulumu waliokufa.

Nadhani hapa ndipo ile imani ya mchanga inapopata uzito wake. Taifa lililonyang'anywa udongo lina sababu ya kuamini kwamba udongo hurudi kwao. Ng'ambo ya mto, huko Modderpoort katika Free State, lipo kaburi la Mantsopa, nabii wa kike wa zama za Moshoeshoe aliyetabiri mambo ya vita vile. Mahujaji wangali wanavuka mpaka kwenda kumwomba, pale na katika pango la jirani. Ramani iliwaambia mahali hapo si pao tena. Miguu yao haikukubali.

SISI NA VILIMA VYETU

Tunaweza kudhani haya ni mambo ya mbali. La hasha. Makaya ya Mijikenda yalikuwa hivyohivyo: vijiji vyenye ngome, katika vilima na misitu, ambamo watu waliokimbia hatari walijificha nyuma ya milango michache inayojulikana. Walipohama, waliacha makaburi na viapo, na kimbilio likawa patakatifu. Mwaka wa 2008, baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia. Wazee wa kaya nao watakukataza kubeba hata ukuni. Mgeni huona ushirikina. Mwenyeji anajua kwamba sheria hiyo ndiyo iliyouacha msitu ukiwa umesimama wakati misitu ya jirani imekuwa mkaa.

Patakatifu pengi pa Afrika palianza kwa sababu ya kawaida kabisa: hapa tulipata maji, hapa adui hakufika, hapa tulimzika mzee. Utakatifu ni namna ya kukumbuka ambayo haihitaji karatasi. Udhaifu wake ni kwamba hukumbuka wokovu kwa sauti kubwa na hasara kwa kunong'ona. Kazi yetu sisi tunaoandika ni kuusikiliza ule mnong'ono pia, katika lugha uliosemwa nayo, maana ukiufasiri kabla ya kuusikia utapata ngano ya watoto na kukosa historia.

Ndiyo maana nilianza na bosiu. Tunafundisha shuleni kwamba Kiswahili ni Kibantu, kisha tunaliacha jambo hilo katika jedwali la ngeli kana kwamba ni hesabu. Mosotho ni mtu mmoja, Basotho ni wengi, Sesotho ni lugha, Lesotho ni nchi. Motho ni mtu, batho ni watu. Nama ni nyama, noha ni nyoka, raro ni tatu. Pula ni mvua, mbura ya Wakikuyu na mbua ya Wakamba, na ni miongoni mwa maneno matatu ya kaulimbiu ya taifa hilo: khotso, pula, nala, yaani amani, mvua, neema. Mwanafunzi anayeyaona haya anagundua kwamba ana ndugu waliokaa umbali wa maelfu ya kilomita, na kwamba walipofika mahali pa giza walilipa giza jina ambalo yeye pia analijua.

Majina ya milango ya Thaba Bosiu yamehifadhiwa kwa sababu kuna watu waliozaliwa chini yake ambao huyataja kila siku wakiwapandisha wageni. Makaya yetu yana milango pia, na kila mlango una jina. Vilima vya Ramogi, vya Taita na vya Wakamba vina mapango na njia zenye majina. Mengi ya majina hayo yanajuliwa na wazee wachache. Mwalimu wa Kiswahili mwenye wanafunzi arobaini na daftari moja anaweza kuyakusanya katika likizo moja, na hahitaji ruhusa ya mtu yeyote isipokuwa ya wazee wenyewe.